Safari ya Noti Chache

Nimekulia Meru, mwendo mfupi kutoka Akeri, walikouawa wamisionari wawili wa Leipzig mwezi Oktoba 1896. Tukiwa watoto wa Shule ya Jumapili tulipelekwa pale, tukasomewa majina yao: Ewald Ovir na Karl Segebrock. Sote tuliamini ni Wajerumani. Nilikuwa mtu mzima, tayari mwalimu wa kwaya, nilipokuja kujua kwamba Ovir alikuwa Mwestonia, mwana wa nchi ndogo ya pwani ya Baltiki ambayo wakati ule ilitawaliwa na mfalme wa Urusi. Tangu hapo jina la Estonia likawa linanishtua kila ninapolisikia, kama unavyoshtuka kusikia kijiji cha bibi yako kikitajwa redioni.

Kisha siku moja kijana wa besi, mmoja wa waimbaji wangu, akanipa simu yake baada ya mazoezi na kusema, "Mwalimu, hebu sikiliza hii." Ilikuwa piano peke yake. Noti mbili, halafu kimya. Noti tatu, halafu kimya. Nikadhani kifaa kimeharibika. Kipande kile kinaitwa *Für Alina*, na aliyekitunga mwaka 1976 ni Arvo Pärt, Mwestonia. Usiku ule nilikisikiliza mara nne nikiwa nimeketi gizani. Kwaya yangu inaimba nyimbo zilizojaa kama gunia la mahindi: sauti nne, vinanda viwili, gitaa, ngoma. Mtu huyu alikuwa amelimwaga gunia lote chini na kubakiza punje chache, na zile punje zilinishika kuliko gunia.

Agosti 2025, Pärt akikaribia kutimiza miaka 90, nilikwenda kuona nchi iliyomlea.

Tallinn

Mji wa kale wa Tallinn umejengwa kwa chokaa ya kijivu, na minara yake ina paa za vigae vyekundu. Kutoka mlimani kwenye ngome unaona bahari, bapa na baridi, isiyo na harufu kali ya chumvi kama Bahari ya Hindi. Kwanza nilikwenda kanisa la Niguliste. Mabomu ya Kisovieti yaliliunguza tarehe 9 Machi 1944, nalo halikurudishiwa ibada. Sasa ni makumbusho na ukumbi wa muziki. Ndani yake umebaki mchoro wa zaidi ya miaka mia tano, kazi ya Bernt Notke wa Lübeck, unaoonyesha Kifo akicheza ngoma na Papa, mfalme mkuu, malkia, kadinali na mfalme. Kiunzi kimoja cha mifupa kimeketi kikipuliza zumari la mfuko. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Katika mchoro huo Kifo ndiye mwanamuziki, na wakubwa wa dunia hawajui kucheza; miguu yao imekufa ganzi. Nyuma yangu mtu alikuwa anaijaribu ile organi kubwa, anabonyeza noti moja, anangoja iishe darini, anabonyeza nyingine.

Adhuhuri nilikula mkate mweusi wa rai uliopakwa siagi, juu yake samaki wadogo waliolowekwa kwenye viungo, na yai. Samaki hao huitwa *kilu*. Mtu wa Tanga angewatambua kama ndugu wa dagaa. Mkate wenyewe ni mchachu na mzito, na Waestonia wanauheshimu kama sisi tunavyouheshimu ugali: mlo usio nao haujakamilika.

Karibu na hapo kuna jengo la Estonia, lenye jumba la michezo upande mmoja na ukumbi wa okestra upande wa pili, lililofunguliwa mwaka 1913. Nilitaka kuuona ukumbi ule kwa sababu ya usiku mmoja wa Novemba 1968. Neeme Järvi aliongoza kazi ya Pärt iitwayo *Credo*, yaani Nasadiki. Nchi ilikuwa chini ya Moscow, na kumkiri Kristo jukwaani lilikuwa jambo la hatari. Kazi ile inachukua kipande cha Bach, inakivunjavunja mpaka okestra na kwaya zinapiga kelele ya kutisha, kisha Bach anarudi, mpole, kama mtu aliyepona homa. Wasikilizaji walitaka irudiwe palepale, na ikarudiwa. Baada ya hapo wakubwa wakaipiga marufuku. Na Pärt mwenyewe, aliyekuwa bingwa wa mitindo mipya yote ya Ulaya, akaishiwa. Kwa karibu miaka minane hakutunga ila kidogo sana. Alikaa na nyimbo za zamani za watawa, zile za sauti moja isiyo na ala, akijifunza upya jinsi noti moja inavyoifuata nyingine.

Mimi ni mwalimu wa kwaya na najua hofu ya mtunzi aliyekauka. Lakini miaka minane! Wazee wetu husema kimya kina mshindo mkuu, nami nilikuwa nikiitumia methali hiyo kuwanyamazisha watoto. Mbele ya ukumbi ule wa Estonia niliisikia upya.

Jioni nilitembea hadi uwanja wa nyimbo ulio pwani, wenye jukwaa kubwa la upinde lililojengwa mwaka 1960. Kila baada ya miaka mitano waimbaji zaidi ya elfu 30 husimama chini ya upinde ule na kuimba pamoja, katika nchi yenye watu milioni moja na laki tatu tu. Tamasha la mwaka ule lilikuwa limemalizika mwezi Julai. Nyasi za mlima unaoteremka kuelekea jukwaani zilikuwa zimeanza kuota tena. Juu ya mlima ameketi kwa shaba Gustav Ernesaks, mtunzi aliyewapa Waestonia wimbo walioukumbatia kama wimbo wa taifa wakati wimbo wao wa taifa ulipokatazwa.

Pale nilikutana na bibi mmoja anatembeza mbwa. Kumbe ni mwimbaji wa sauti ya pili, na amesimama chini ya upinde ule tangu ujana wake. Nilimwuliza ilikuwaje mwaka 1988, umati wa watu ulipokuja hapa kuimba nyimbo zilizokatazwa. Alifikiri kidogo. Akaniambia anachokumbuka zaidi ni kupumua: watu wale wote wakivuta pumzi kabla ya mstari wa kwanza. Alisema sauti ile ya pumzi ilimwogopesha kuliko askari.

Rakvere

Safari ya treni kwenda Rakvere inapita mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa, halafu misitu ya misonobari na mibetula yenye magome meupe, halafu mashamba tena. Hakuna mlima. Mtu wa Meru macho yake hukosa pa kuegemea, na siku ya kwanza nilijiona kama nimesahau kitu nyumbani.

Katika uwanja wa katikati ya Rakvere kuna sanamu ya kijana na baiskeli yake, amesimama, anasikiliza. Haina makuu. Watoto huipanda. Hapo zamani palikuwa na nguzo yenye spika, na mvulana Arvo Pärt alikuwa akiendesha baiskeli kuizunguka nguzo ile ili asikilize simfoni zilizorushwa na redio.  Basi akawa anazunguka tu mpaka muziki uishe. Alizaliwa Paide mwaka 1935, na mama yake akaja naye Rakvere akiwa mdogo. Nyumbani kwao kulikuwa na piano kuukuu, sehemu yake ya katikati haikulia vizuri; zilizofaa ni noti za juu kabisa na za chini kabisa. Mtoto akacheza na hizo.

Niliketi kwenye benchi karibu na sanamu, nikaweka vidude masikioni, nikaisikiliza tena *Für Alina*. Chini kabisa kuna noti moja nzito inayoachwa ivume. Juu kabisa kuna mikono miwili inayotembea pamoja. Katikati hakuna kitu. Ni ile piano ya Rakvere, nikajisemea, na tangu siku ile sijaweza kuvitenganisha vitu hivyo viwili.

Hapa nieleze kidogo kwa ajili ya wenzangu wa kwaya, maana hiki ndicho nilichokifuata. Mtindo alioupata Pärt baada ya kimya chake unaitwa *tintinnabuli*, neno la Kilatini la kengele ndogo. Una sauti mbili. Ya kwanza hupanda na kushuka ngazi hatua kwa hatua, kama mtoto anayejifunza do, re, mi. Ya pili hairuhusiwi kutembea. Kazi yake ni kugusa noti tatu za kordi moja tu, ile iliyo karibu zaidi na mwenzake au inayofuata, kwa kanuni iliyowekwa tangu mwanzo. Ndiyo hayo tu. Ya kwanza inatangatanga, inakosea, inarudi. Ya pili iko nyumbani daima, na kila wanapokutana panasikika aidha utamu au mwiba. Nora, mke wake, aliueleza kwa hesabu ya ajabu: moja na moja ni moja. Nilijaribu kuiandika hesabu ile kwenye daftari langu la solfa na nikaona kwamba sauti zangu nne, ninazozitungia sehemu tofauti tofauti ili kila mtu afurahi, hazijawahi kuwa moja.

Chakula cha Rakvere sikikumbuki. Ngome yao ya kale juu ya kilima ni nzuri, na kando yake kuna sanamu ya ng'ombe dume wa kale, mkubwa kama lori. Siku ya pili nilipita Paide, mji wa mnara mmoja na utulivu mwingi, nikateremka kuelekea kusini.

Tartu

Tartu ni mji wa chuo kikuu, kilichoanzishwa mwaka 1632, na mto wake unaitwa Emajõgi, maana yake Mto Mama. Ni hapa, mwaka 1869, walipofanya tamasha la kwanza la nyimbo. Waliimba wanaume peke yao, na bendi za tarumbeta, wakulima na walimu wa vijijini ambao wazee wao walikuwa watumwa wa mashamba ya mabwana wa Kijerumani miongo michache tu nyuma. Walijifunza kuimba sauti nne kutoka makanisa ya Kilutheri. Niliposimama katika makumbusho ya matamasha hayo nikiangalia vitabu vidogo vya noti vilivyochakaa kona, niliona vitabu vya babu yangu. Ni kuimba kulekule kwa Kilutheri kulikopita baharini kuja Meru na Kilimanjaro. Wao na sisi tulifundishwa na shule moja, kila mmoja akaimba kwa lugha yake.

Mwenyeji wangu wa Tartu alinikaribisha asubuhi kwa *kama*, unga wa nafaka zilizokaangwa, shayiri, rai na njegere, uliokorogwa katika maziwa mgando. Nilicheka kwa furaha. Nikamwambia mama yangu alitulea kwa unga wa mchanganyiko kama huo, ila sisi tunaupika uji. Yeye alishangaa kwamba tunaupika.

Jioni alinipeleka kwenye mazoezi ya kwaya yake. Ni kwaya ya mtaani, walimu, fundi umeme, muuguzi mmoja, wanafunzi. Wengi walikuwa wametoka shamba na mikono yao ilikuwa na rangi ya matunda ya msituni, yale madogo ya buluu. Walikuwa wakirudia *Raua needmine*, Laana ya Chuma, ya Veljo Tormis, iliyotungwa mwaka 1972. Wakaniweka kwa besi.

Ngoma ndiyo inayoanza: ngoma ya mganga, duara la mti lenye ngozi upande mmoja, hushikwa mkononi na kupigwa kwa kipande kimoja cha mti. Kisha waimbaji wanaingia. Wimbo unasimulia jinsi chuma kilivyozaliwa, nani alikinyonyesha, lini kilivunja kiapo chake na kuanza kumwaga damu. Maneno yametoka katika mashairi ya kale ya watu wa Kifini, lakini yanafika mpaka kwenye vifaru na ndege za vita. Kwa imani ya zamani, ukikijua kitu kibaya kilikotoka na kukisimulia mbele yake, unakipunguzia nguvu. Babu yangu naye aliamini hivyo juu ya maradhi.

Nilidhani itakuwa rahisi kwangu. Besi wanarudia noti zilezile, silabi zilezile, zamu baada ya zamu. Baada ya dakika tatu jasho lilikuwa linanitoka. Mimi nimezoea wimbo unaonibeba: beti, kiitikio, daraja, kupanda nusu noti mwishoni kusanyiko lisimame. Huu haukunibeba. Ulinitaka nisimame palepale na kuwa na nguvu palepale, bila kuongeza mapambo. Kila niliposhawishika kuteleza na kuongeza noti kidogo kwenda kordi, jirani yangu, mzee mwenye ndevu nyeupe, alinigusa kiwiko. Mwongozaji, binti wa miaka kama thelathini, alisimamisha kwaya mara moja na kuniambia kwa upole sana, "Usiupendezeshe. Tayari una miaka elfu mbili."

Tormis alifariki mwaka 2017. Alizunguka kwa miaka akisikiliza *regilaul*, nyimbo za kale za Waestonia, ambazo mtu mmoja huanzisha mstari na wenzake huudaka kwenye silabi za mwisho na kuurudia, bila mwanya wowote kati yao, saa nzima kama kazi ya shambani inadai. Alikuwa akisema kwamba si yeye anayezitumia nyimbo za wazee. Nyimbo ndizo zinazomtumia yeye. Kwa muda mfupi alimfundisha Pärt, kijana mdogo wake kwa miaka mitano tu. Mmoja alikwenda kwa watawa, mwingine kwa vikongwe wa vijijini, na wote wawili wakarudi na noti chache.

Mazoezi yalipokwisha waliniomba niwaimbie wimbo wa kwetu. Niliimba wa mavuno, na walipousikia unavyoanzishwa na mmoja wakanidakia bila kufundishwa. Hawakujua neno hata moja. Walidaka silabi za mwisho.

Obinitsa

Tarehe 19 Agosti, kusini-mashariki kabisa, karibu na mpaka wa Urusi. Hii ni nchi ya Waseto, watu wa Kanisa la Othodoksi katikati ya Walutheri, na mpaka umeikata ardhi yao vipande viwili. Mji waliozoea kwenda kusali na kuuza uko ng'ambo sasa. Ilikuwa sikukuu ya Kugeuka Sura kwa Bwana. Baada ya ibada, msafara wa mishumaa ulitoka kanisani ukaingia makaburini, chini ya misonobari mirefu, na familia zikatandika vitambaa vya meza juu ya makaburi.

Juu kabisa ya makaburi yenyewe. Wakapanga mayai ya kuchemsha, samaki, mikate ya nyama, na *sõir*, jibini jeupe lenye mbegu za kisibiti. Wakaketi kuwazunguka wafu wao na kula. Mama mmoja aliniona nimesimama pembeni, akapiga mchanga kwa kiganja karibu naye. Mjukuu wake akafasiri: bibi anasema mgeni akisimama, babu atadhani ameleta habari mbaya. Nikaketi. Nikaelezwa aliyelala pale alikuwa nani, alipenda nini, alikuwa mkali kwa nini. Kipande chake cha samaki kiliachwa kando ya msalaba. Nilitamani mama yangu angekuwepo, kwa kuwa kwetu kanisa lilitufundisha kuona aibu juu ya mambo kama haya, na hapa padri alikuwa anapita kaburi hadi kaburi akibariki.

Alasiri wanawake walikusanyika uwanjani karibu na ziwa. Vifuani walivaa mabamba ya fedha yaliyochongoka, makubwa kama mabeseni madogo yaliyopinduliwa, na mikufu ya sarafu mpaka kiunoni. Wakitembea, mapambo hayo yanalia kama vijito. Mmoja akaimba mstari. Aliutunga palepale, juu ya siku hiyo, juu ya mvua iliyotishia asubuhi. Wenzake wakaurudia kwa sauti nzito, wote pamoja, na mmoja peke yake akapanda juu yao. Sauti hiyo ya juu huitwa *killõ*. Haifuniki wala haipambi. Inakata kama kisu kipya, na mwimbaji wake lazima awe mmoja tu. Mkiwa wawili, aliniambia mjukuu yule, mnaharibu.

Kuimba huku, *leelo*, UNESCO ilikuweka katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika mwaka 2009. Mimi nilisikia noti ambazo piano ya kanisani kwetu haina. Mwanzoni masikio yangu yalitaka kuzirekebisha. Kufikia wimbo wa tatu niliacha, na kufikia wa sita nilianza kuona piano ndiyo iliyopungukiwa.

Tormis alitumia karibu miaka ishirini, mpaka 1989, kutunga mfululizo mkubwa wa kwaya aliouita *Unustatud rahvad*, Watu Waliosahauliwa: Walivonia, Wavotia, Waizhoria, Wavepsia na wengine, jamaa wadogo wa Waestonia ambao lugha zao zilikuwa zinakufa moja moja. Leo baadhi ya nyimbo zile huimbwa na kwaya za mijini huku aliyezaliwa akiiongea lugha ile hayupo tena. Nilifikiri habari hiyo nikimtazama bibi mwenye *killõ*. Alikuwa na miaka isiyopungua sabini na tano. Pembeni yake alisimama msichana wa kama miaka kumi na mbili, mdomo umefungwa, macho yamemkazia koo. Bibi hakumwambia kitu. Msichana hakuimba hata mara moja siku ile.

Laulasmaa

Kituo cha Arvo Pärt kiko pwani, kilomita 35 magharibi ya Tallinn, ndani ya msitu. Pärt alihama nchi mwaka 1980, akaishi Vienna kisha Berlin, akarudi kuishi Estonia mwaka 2010. Jengo hili, lililochorwa na Wahispania Fuensanta Nieto na Enrique Sobejano, lilifunguliwa mwaka 2018. Huwezi kuliona kutoka barabarani. Unafuata njia ya mchanga kati ya misonobari, na ghafla unagundua kwamba baadhi ya mashina ni nguzo nyembamba nyeupe, na kwamba umekwisha fika. Ndani hakuna kona ya mraba. Kuta zinapinda kuikwepa miti. Katika ua mmoja kuna kanisa dogo la Kiothodoksi, wakiingia watu kumi limejaa.

Ukumbini fidla na piano walikuwa wakifanya mazoezi ya *Spiegel im Spiegel*, Kioo Ndani ya Kioo, ya mwaka 1978, na waliniruhusu kuketi nyuma. Piano inagusa noti tatu tatu, sawasawa, kama mtu anayehesabu tasbihi. Fidla inapanda noti moja na kurudi nyumbani, inashuka moja na kurudi, kisha mbili, kisha tatu. Mtoto wa mwaka wa pili wa fidla anaweza kuzipiga zote. Mpiga fidla huyu, mwanamke aliyecheza na okestra kubwa miaka mingi, alisimama katika noti ya nne. Akarudia. Akasimama tena. Walikaa dakika kumi na tano juu ya noti nne.

Wakati wa kupumzika nilimwuliza tatizo lilikuwa nini. Akanionyesha upinde wake. Alisema katika kazi ngumu noti moja mbaya hupita kama gari moshi, hakuna anayeiona. Hapa noti iko peke yake chumbani na wewe. Mkono ukitetemeka, inasikika. Ukiwa na hasira na mumeo, inasikika. Akasema pia kwamba anaogopa wapigaji wanaotia huzuni nyingi ndani yake, wanaotaka msikilizaji alie. "Ukilia wewe, yeye atafanya nini?" Nilikumbuka mwaka 1977, kabla ya onyesho la kwanza la *Tabula rasa* hapo Tallinn, ambapo inasimuliwa wanamuziki walipoona karatasi zao walishangaa na kuuliza muziki wenyewe uko wapi. Mpiga fidla wa kwanza alikuwa Gidon Kremer, na kwenye piano iliyopachikwa skrubu katikati ya nyuzi alikuwa mtunzi Alfred Schnittke. Waliupata usiku uleule, jukwaani.

Maktaba yao imejaa madaftari na rekodi, nyingi za Kwaya ya Chemba ya Filharmonia ya Estonia, aliyoianzisha Tõnu Kaljuste mwaka 1981. Niliwasikiliza kwa saa mbili. Wanaimba wakiwa ishirini na kitu, bila kutetemesha sauti, na herufi za mwisho za maneno zinaangukia mahali pamoja kama mlango uliofungwa na mtu mmoja. Kisha nikaomba *Cantus*, aliyoitunga Pärt mwaka 1977 kumwomboleza mtunzi Benjamin Britten, nikaifuata na noti mkononi. Kengele moja inalia mara tatu. Nyuzi zinashuka ngazi ileile kwa kasi mbalimbali, za juu haraka, za chini polepole, mpaka zote zinatua kwenye kordi moja na kuishikilia kwa nguvu. Kwenye karatasi niliona kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa simu ya yule kijana wa besi: wakati nyuzi zinapovuma, kengele inapigwa mara moja, kwa upole. Hakuna anayeisikia. Nyuzi zinakatika, na hapo ndipo unaitambua, ilikuwa inalia muda wote.

Niliirudia dakika ile ya mwisho nikimfikiria mpiga kengele. Amesimama nyuma ya okestra nzima, amehesabu, amepiga, na hakuna ajuaye kama amepiga. Katika kwaya yangu yupo mwanamke wa sauti ya pili wa namna hiyo. Kwa miaka kumi na moja sikuwahi kumwambia kitu.

Mlinzi wa bustani, mzee mrefu, aliniuliza kama nimeshafika ufukweni. Kwa Kiestonia *laul* ni wimbo, na wenyeji wanasema mchanga wa Laulasmaa huimba. Ukiburuta unyayo juu yake unalia kwa sauti nyembamba. Akaonyesha njia kwa kidevu. Nilishuka kupitia msituni, nikichuma yale matunda ya buluu mpaka vidole vikafanana na vya waimbaji wa Tartu. Bahari ilikuwa tulivu. Nikavua viatu, nikaburuta mguu. Hakikutoka kitu.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Mama mmoja aliyekuwa akitembea na mtoto alinielewesha kwa ishara: mchanga hauimbi ukiwa na maji. Akaelekeza kidole juani, akakizungusha kidogo kuelekea magharibi. Nikatafuta gogo, nikaketi, nikaweka viatu kando, nikangoja ukauke.